Mwambie Mwongozaji Umetoka Wapi: Siku Moja Aleksandria

Aleksandria ni mji unaotaka msimuliaji. Piramidi za Giza hata ukienda peke yako utaziona, zimesimama pale, macho yanatosha. Lakini karibu kila kitu kilichoipa Aleksandria jina duniani hakipo tena. Mnara wa taa uliohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya kale umeanguka. Maktaba ya wafalme wa nasaba ya Ptolemaio imetoweka. Kaburi la Aleksanda Mkuu, aliyeuanzisha mji mwaka 331 kabla ya Kristo, limetafutwa karne na karne bila kupatikana. Majumba ya enzi za Kleopatra yamezama bandarini. Mgeni atakayeshuka kwenye treni na kujitembelea ufukweni atapata upepo mzuri, atakula samaki, atarudi Kairo akiusifu mji. Yaliyomo chini ya miguu yake hatayajua.

Mimi ni mwalimu wa historia, mzaliwa wa Kilwa. Huwavusha wanafunzi kwenda Kilwa Kisiwani kuwaonyesha Msikiti Mkuu na jumba la kisultani la Husuni Kubwa, kwa hiyo kazi ya kumsimamisha mtu mbele ya ukuta uliobomoka mpaka aione nyumba naijua, na ugumu wake naujua. Nilipokwenda Misri likizo ya Desemba kumtembelea mtoto wa kaka yangu anayesoma chuo cha Al-Azhar, Kairo, niliwatazama waongoza watalii kwa jicho la mtu wa kazi.

Wa kwanza tulimpata Kairo, na sikupendezwa naye. Alikuwa mcheshi na mwenye adabu, lakini saa zetu nyingi ziliishia kwenye duka la mafunjo na duka la manukato, tumekaa kitini tunaletewa chai huku muuzaji akifungua chupa moja baada ya nyingine. Jambo hili liko wazi kwa kila anayeishi Misri: baadhi ya waongozaji hupata fungu lao kwa kila kinachonunuliwa. Kwa hiyo kabla ya kukubaliana na mtu, muulize waziwazi kama kuna kituo cha duka njiani, na kama kipo, sema hukitaki. Mwongozaji mzuri hataona vibaya.

Kwa Aleksandria tulimtafuta mwenyeji wa huko huko. Mpwa wangu aliulizia kwa wanafunzi wenzake, akaelekezwa kwa mama mmoja wa makamo mwenye leseni ya serikali, aliyesomea mambo ya kale chuo kikuu. Kabla hatujaenda nilimwandikia ujumbe mrefu kidogo. Nilimwambia mimi ni mwalimu, natoka pwani ya Tanzania, mji wetu nao ulikuwa mkubwa zamani na sasa ni magofu, na kwamba kama kuna mahali pamoja ninapopataka kuliko pote, ni kaburi la Imamu Busiri, mtunzi wa kasida ya Burda. Jibu lake lilikuja kwa sauti, na furaha ilisikika humo. Alisema wageni anaowaongoza humuuliza Kleopatra, na watu wa Kairo humuuliza samaki. Busiri hajawahi kuombwa na mgeni wa mbali. Akaipangua ratiba yake ya kawaida, akaipanga upya.

Ninaandika haya hasa kwa sababu ya ujumbe ule. Sisi tukisafiri huwa tunachukua ziara kama ilivyo, iliyotengenezwa kwa ajili ya Mjerumani au Mwingereza, tukaoneshwa yanayomgusa yeye. Mwongozaji hawezi kujua unachokibeba moyoni usipomwambia.

Tulipanda treni ya alfajiri kutoka stesheni ya Ramses, Kairo. Ni kilomita 200 na kitu, Tanta, Damanhur, mashamba ya kijani na mifereji kila upande, kisha hewa inabadilika na pua ya mtu wa pwani inaitambua chumvi kabla ya jicho kuiona bahari. Mwenyeji wetu alikuwa stesheni akitungoja. Mpwa wangu alimwita ustadha, yaani mwalimu wa kike, naye mama huyo akaniita mimi hajja, na safari ikaanza.

Alianza na makaburi ya Kom el Shoqafa, nami nashukuru kwamba alianza hapo tukiwa bado na nguvu. Yalichimbwa ndani ya mwamba karibu na karne ya 2 baada ya Kristo, yakasahaulika, na inasimuliwa kwamba yalipatikana tena mwaka 1900 punda alipotumbukia shimoni. Unashuka kwa ngazi za mzunguko zinazolizunguka shimo pana katikati, na ndani ya shimo hilo ndimo maiti walimoteremshwa kwa kamba. Chini kuna ukumbi wenye vibaraza vitatu vya mawe, ambapo jamaa wa marehemu walijilaza wakala chakula cha kumkumbuka. Ustadha alitusimamisha hapo, akanyamaza kwanza, kisha akauliza, “Kwenu mnawalia chakula waliokufa?” Nikamweleza hitima na arobaini, kisomo na sinia za pilau. Akamgeukia mpwa wangu na kusema kwa Kiarabu kwamba basi hapa mimi sihitaji kufafanuliwa zaidi.

Kaburi kuu liko mbele kidogo, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine siku ile. Pembeni mwa mlango kuna sanamu ya mwanamume na ya mwanamke. Miili yao imekakamaa, mguu mmoja mbele, vile vile Wamisri walivyochonga kwa maelfu ya miaka, lakini nyuso na nywele ni za Kirumi, nywele za mwanamke zimesukwa kwa mtindo wa mabibi wa Roma. Mlangoni kuna nyoka wawili wakubwa wenye ndevu, wamevaa taji la Misri, na juu yao ngao zenye uso wa Medusa wa Kigiriki. Ndani, mungu Anubis mwenye kichwa cha bweha amevaa deraya ya askari wa Kirumi. Ustadha alimulika tochi ya simu kwa upande, si moja kwa moja, ili vivuli vitoke na mchongo uonekane. Hilo nimelichukua. Nimewahi kuwapeleka watoto kwenye nakshi za Kilwa jua likiwa utosini, na ukuta unakuwa kama karatasi tupu. Tangu sasa ni asubuhi au alasiri.

Nilimuuliza waliozikwa hapa walikuwa watu gani, Wamisri, Wagiriki au Warumi? Akasema, “Walikuwa watu wa Aleksandria.” Jibu hilo mtu wa Kilwa analielewa.

Kutoka hapo ni karibu na nguzo kubwa ambayo wageni huiita Nguzo ya Pompeyo. Ni jiwe jekundu la matale ya Aswan, na pamoja na tako na taji lake inafika karibu mita 27. Pompeyo hahusiki nayo kabisa. Yeye, jemadari wa Kirumi, aliuawa Misri mwaka 48 kabla ya Kristo, na nguzo ilisimamishwa zaidi ya miaka 300 baadaye kwa heshima ya Kaisari Diokletiano. Tulipiga picha, tukaondoka.

Kom el-Dikka, katikati ya mji, watu huenda kwa ajili ya ukumbi wa mduara wenye ngazi za marumaru. Lakini ustadha alitupitisha hapo kwa haraka na kutupeleka nyuma yake. Wachimbuaji kutoka Poland, wanaofanya kazi pale tangu mwaka 1960, wamefukua safu ya vyumba zaidi ya ishirini, vyote vya namna moja: viti vya mawe vimepangwa ngazi ngazi kuzunguka kuta tatu, na kwenye kichwa cha chumba kuna kiti kimoja kilichoinuliwa, kina ngazi zake za kupandia. Ni madarasa. Kiti cha juu ni cha mwalimu. Ni ya kati ya karne ya 5 na ya 7, na katika baadhi yake kuna jiwe fupi katikati ya sakafu ambapo yamkini mwanafunzi alisimama kutoa alichojifunza.

Nimefundisha miaka mingi katika madarasa yenye watoto waliobanana, chaki mkononi na sauti imekauka. Kuyaona madarasa ya mawe, mwalimu akiwa ameinuliwa vile na wanafunzi wamemzunguka, kulinigusa kuliko nilivyotegemea. Mpwa wangu akaniambia, “Shangazi, simama karibu na kile kiti nikupige picha.” Picha hiyo sasa iko ukutani ofisini kwetu walimu.

Hapo ndipo na mimi nilipochangia. Ustadha alikuwa akitaja wanazuoni wa mji huo, akamtaja Klaudio Ptolemaio, mwanajiografia wa karne ya 2. Nikamwambia huyo kwetu tunamfundisha darasani, kwa kuwa kitabu chake kinaitaja Rhapta, mji wa biashara katika pwani yetu, ambao wataalamu wengi wanauweka mahali fulani Tanzania. Hakuja mwenyewe. Alikaa hapa Aleksandria, akakusanya habari za mabaharia na wafanyabiashara, akaitia pwani yetu kwenye hesabu za dunia. Ustadha alitoa daftari dogo kwenye mkoba akaniomba nimtajie herufi moja moja. Nilimpenda zaidi kuanzia pale. Mtu anayeongoza wengine na bado ana nafasi ya kuandika jambo jipya huyo anaifanya kazi yake kwa moyo.

Kisha Bahari, mtaa wa zamani wa wavuvi karibu na ncha ya rasi. Msikiti wa Sidi Abul Abbas al-Mursi unaonekana kwa mbali, kuba zake na mnara mrefu vimepakwa rangi ya maziwa. Jengo la sasa ni la karne ya 20, limesanifiwa na Mwitaliano Mario Rossi, lakini aliyelala humo alizaliwa Murcia, Andalusia, mwaka 1219, na ndiye aliyeshika nafasi ya Sheikh Abul Hasan Shadhili, mwasisi wa tarika ya Shadhiliya, sheikh huyo alipofariki. Jamaa ya Adhuhuri ilikuwa imekwisha. Mimi nikaingia upande wa wanawake, mpwa wangu upande wake, tukasali.

Mtu asiye wa kwetu anaweza asielewe kwa nini machozi yalinitoka. Kilwa Pande ina zawiya ya Shadhiliya. Tarika hiyo ilitufikia kupitia Ngazija, na babu yangu alikuwa mtu wake. Nimekua nikisikia dhikri usiku wa kuamkia Ijumaa, wanaume wamesimama wamezunguka duara, sauti zinapanda na kushuka. Majina ya masheikh wa silsila yalitajwa kila mara, nami nikiwa mtoto niliyasikia kama majina ya mbinguni, hayana nchi. Siku ile nilikuwa nimekaa hatua chache kutoka kwa mmoja wao, kwenye zulia, na wanawake wa Aleksandria wakipeana peremende kando yangu.

Ng'ambo ya uwanja, msikiti mdogo zaidi, ndiko aliko Busiri. Alikufa mwishoni mwa karne ya 13. Inasimuliwa kwamba alipooza nusu ya mwili, akatunga kasida ya kumsifu Mtume, akamuota Mtume akimfunika joho lake, akaamka mzima. Kasida hiyo ndiyo Burda. Pwani yetu yote inaisoma, na kasida yake nyingine, Hamziya, ilitiwa Kiswahili na Sayyid Aidarus wa Pate, ikawa miongoni mwa tungo kongwe za Kiswahili tulizo nazo kwa maandishi. Ndani ya msikiti beti za Burda zimezunguka ukutani. Mpwa wangu alianza kuzisoma kwa sauti ya chini, nami nikaitikia Maulaya swalli wasallim kwa mahadhi ya kwetu, yale ya Kilwa, na mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akafumbua macho akatugeukia. Alituuliza tunatoka wapi. Tulipomwambia, akaitikia pamoja nasi, kwa mahadhi yake yeye, na sauti zikapishana bila kugombana. Ustadha alikaa nyuma yetu kimya mpaka tukamaliza. Hakutazama saa hata mara moja, ingawa najua ratiba ilikuwa imevurugika.

Chakula tulikula mtaa huo huo. Unaingia, unachagua samaki mwenyewe kwenye barafu, anapimwa kwenye mzani, unasema unamtaka vipi. Wenyeji humpaka pumba za ngano kabla ya kumweka motoni, ngozi inaungua nyeusi kabisa, ukiibandua nyama ya ndani ni laini na ina maji yake. Unaletewa na wali wa sayadiya, wa rangi ya kahawia kwa sababu ya vitunguu vilivyokaangwa sana, na tahina, na achari. Hakikisha bei ya kilo umeijua kabla samaki hajaenda jikoni.

Upepo ulikuwa umeanza kukaza. Ustadha alitueleza kwamba dhoruba za msimu wa baridi zina majina yake kwa wavuvi, kila moja na tarehe zake, na ya mwanzoni mwa Desemba inaitwa Nawwat Qasim. Nikamweleza kusi na kaskazi. Tulizungumza pepo mpaka ngome ya Qaitbay.

Ngome hiyo ilijengwa na Sultani Qaitbay miaka ya 1470 juu ya mahali hasa uliposimama mnara wa taa, na mawe ya mnara yakatumika tena. Mnara wenyewe ulijengwa karne ya 3 kabla ya Kristo, ulikuwa na urefu wa mita 100 na zaidi, ukaangushwa na matetemeko, makubwa yakiwa ya mwaka 1303 na 1323. Ukiangalia kwa makini utayaona matale mekundu yametiwa katikati ya mawe meupe. Kila mgeni huambiwa hayo. Sisi ustadha alituongezea jambo lililonifanya nishike ukuta. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipita hapa mwaka 1326 akaukuta mnara umebomoka upande mmoja tu. Aliporudi mwaka 1349 ulikuwa umeharibika hata mlango haufikiki. Na katikati ya safari hizo mbili, mwaka 1331, alikuwa wapi? Alikuwa Kilwa, kwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenye Husuni Kubwa, na akausifu mji wetu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Mwaka huo nimeuandika ubaoni mara nyingi sana. Sikuwahi kuuweka kando ya mnara wa Aleksandria.

Nje ya ngome, bahari ilikuwa ikipiga vitalu vikubwa vya zege vilivyopangwa kuuzuia mmomonyoko. Ustadha alisimulia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 vitalu kama hivyo vilikuwa vikishushwa juu ya mawe ya kale yaliyolala chini ya maji, watu wakapiga kelele, na mwaka 1994 wazamiaji wakiongozwa na Mfaransa Jean-Yves Empereur wakaanza kuyaorodhesha: sanamu, nguzo, vipande vya mnara vyenye uzito wa tani nyingi. Hapo sikuwa na la kuongeza isipokuwa huzuni ya pamoja. Magofu ya Kilwa nayo yaliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014, na mojawapo ya sababu ni hiyo hiyo, mawimbi yanakula ukingo.

Maktaba mpya tuliifikia tumechoka, na ukichoka usiilazimishe. Ilifunguliwa rasmi Oktoba 2002, imesanifiwa na kampuni ya Snøhetta ya Norway, paa lake ni duara lililoinamia baharini, na ukuta wake wa nje wa matale umechongwa herufi za maandishi 120 ya dunia. Nilikuwa na swali moja nililolileta kutoka nyumbani, maana wanafunzi huniuliza: ni kweli maktaba ya kale ilichomwa kwa amri ya Khalifa Umar? Ustadha alisema swali zuri ni kuuliza habari hiyo imeandikwa lini. Imeandikwa karne ya 13, karibu miaka 600 baada ya Waarabu kuingia mji, na wanahistoria wengi hawaikubali. Kuna moto wa wakati wa Kaisari Julio mwaka 48 kabla ya Kristo, kuna kubomolewa mwaka 391 kwa hekalu la mungu Serapis, lililowahi kuwa na tawi la maktaba, na katikati yake kuna miaka mingi ya fedha kupungua na wasomi kutojaliwa. Mwongozaji anayekuambia habari imetoka wapi na lini anakupa kitu cha kufundishia.

Kwa anayepanga kwenda: tiketi za wageni ni ghali kuliko za wenyeji na sehemu nyingi hulipiwa kwa kadi, kwa hiyo usitegemee fedha taslimu peke yake. Mwanafunzi asisahau kitambulisho, hupunguziwa. Suala la bakshishi kwa walinzi na wabeba viatu mwachie mwongozaji, mkubaliane mapema, uepuke mikono iliyonyooshwa kila mlango. Na usikubali ziara yenye vituo kumi. Sisi tulikwenda vichache, tukakaa.

Ustadha alitusindikiza stesheni ya Sidi Gaber. Aliniomba nimtumie chochote kuhusu Kilwa, nami nimemtumia picha za Husuni Kubwa, ramani, na sauti ya wazee wakisoma Burda. Mwezi uliopita alimwandikia mpwa wangu kwamba amepata familia ya Wakomoro waliokuja matembezi, akawauliza kwanza wanatoka wapi na wanapenda nini, kisha akawapeleka moja kwa moja kwa Sidi Mursi na kwa Busiri, na njiani akawachezea ile sauti ya Kilwa. Baba wa familia ile ameomba jina la msikiti uliorekodiwa, nami nimeshampa.